Maganda ya Risasi za Moshi

Mtu akitaja risasi, mawazo yetu hukimbilia kile kipande cha madini kinachoruka na kujeruhi. Ganda lake, linaloanguka chini likiwa tupu na kuokotwa na watoto, halihesabiwi kuwa kitu. Lakini mimi niliyefundisha ufundi wa vyuma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Babati, nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya bunduki ya kisasa imo katika ganda. Kile kinachoruka ni jiwe la kombeo tu lililobadilishwa umbo.

Msomaji alinganishe na gobore, ambalo wazee wa pande hizi za Ufiome walilijua vizuri. Gobore halina ganda. Mwindaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hushindilia kitambaa au nyuzi, hutia kipande cha chuma, hushindilia tena, kisha huweka fataki nyuma na kuomba Mungu mvua isinyeshe. Baruti inapowaka, sehemu ya moto hupenya nyuma kwenye kitundu cha fataki, na mpigaji huhisi joto lake usoni. Ganda la shaba liliondoa taabu hizo zote kwa mpigo mmoja. Ndani yake mna baruti, kitakoni mna fataki, mdomoni mmebanwa risasi, na vyote vitatu vinalindwa na maji na vumbi.

Bado hiyo si kazi yake kubwa. Kazi kubwa hufanyika kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Baruti ikiwaka ndani, ganda hutanuka na kugandamana na kuta za chemba ya bunduki, likaziba kila upenyo ili moto usirudi nyuma kumuunguza mpigaji. Risasi ikishatoka mtutuni na nguvu ikapungua, ganda hunywea kidogo, likaachia kuta, nalo likavutwa nje na ukucha wa bunduki. Litanuke, lizibe, linywee. Chuma cha kawaida hakipendi kazi hiyo. Shaba ya manjano, ile yenye sehemu kama 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki katika kila 100, ndiyo iliyoonekana kuiweza, na hata hiyo ina masharti yake: mdomo wa ganda uwe laini, kitako kiwe kigumu.

Waingereza walijifunza masharti hayo kwa damu. Bunduki yao ya Martini-Henry hapo mwanzo ilitumia ganda la karatasi nyembamba ya shaba iliyoviringishwa, huku kitako kikiwa kipande cha pembeni kilichounganishwa. Katika vita vya Sudan vya 1884 na 1885, joto na vumbi vilipoingia, ganda liliganda ndani ya chemba, ukucha ukakinyofoa kitako peke yake, na askari akabaki ameshika bunduki iliyozibwa huku adui yu hatua chache mbele yake. Baada ya hapo wakaingia katika ganda la kipande kimoja lililovutwa kutoka bamba zima la shaba, namna ile ile inayotengenezwa mpaka leo.

Nimeyafikiria haya zaidi miaka ya karibuni kwa sababu ya mpwa wangu. Mtoto huyu wa dada yangu anaishi Texas, Marekani, na huko amejiunga na wale wanaoshindana kulenga kwa bastola huku saa ikihesabu. Mchezo huo ulipata shirikisho lake la kimataifa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, na hata jirani zetu wa Kenya wana walengaji wao. Mshindani wa kweli humaliza risasi maelfu kwa mazoezi. Kwa kuwa ganda ndilo ghali kuliko baruti, fataki au risasi, na kwa kuwa ndilo peke yake linalobaki, washindani huliokota, hulisafisha, hulipitisha katika kalibu lirudie kipimo chake, hulitia fataki mpya na baruti mpya, na kulipiga tena. Hapa kwetu, ambapo silaha na risasi ni mambo ya leseni na kituo cha polisi, jambo hilo lingemshangaza mtu. Huko hufanyika kwenye meza ya gereji, Jumamosi jioni.

"Mjomba," aliniambia kwa simu, "maganda yangu yanapasuka. Mengine yamepasuka ndani ya ndoo, hata sijayapiga."

Akanitumia picha. Mimi nikavaa miwani, nikazikuza, nikazitazama kama nilivyokuwa nikitazama kazi za wanafunzi. Yalikuwa na maradhi matatu tofauti, na nitayaeleza, ila kwanza nimpeleke msomaji Moshi mwaka 1915, kwa sababu nilipoziona picha zile niliikumbuka mara moja habari niliyoisoma zamani, na tangu siku hiyo haijaniacha.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado wamebeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja, yenye baruti nyeusi inayotoa wingu la moshi kila inapolia. (Moshi huu wa baruti na mji wa Moshi havina undugu, jina tu.) Askari aliyepiga mara moja alikuwa amemwonyesha adui mahali alipojificha. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapa bunduki za kisasa kutoka kwa Waingereza na Wahindi walioshindwa, pamoja na risasi zipatazo nusu milioni. Lakini mapigano ya Jasin, tarehe 18 na 19 Januari 1915, yalikula risasi 200,000, na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, akapiga hesabu kwamba mapigano ya namna ile angeyamudu mara tatu tu. Pwani ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza. Kiwanda cha risasi hapakuwa nacho.

Ndipo ilipokuja meli ya Rubens. Ilitoka Ujerumani ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, nahodha wake Carl Christiansen. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifumania karibu na ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaifukuza mpaka ndani na kuipiga makombora. Nahodha aliiacha meli yake ijae maji ili moto usiufikie mzigo, nao Waingereza walipoona moshi na miali wakaamini kwamba kazi imekwisha. Walikosea. Wazamiaji walishuka siku baada ya siku, na wapagazi wakabeba kutoka ufukweni bunduki kwa mamia na risasi kwa mamilioni. Tatizo lilikuwa moja: risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari.

Mwanzoni zilionekana salama. Zilianikwa, zikakauka. Lakini chumvi ilikuwa imeshapenya pembeni mwa fataki na mdomoni mwa maganda, ikaendelea kula polepole, na kadiri wiki zilivyopita ndivyo risasi zilizokataa kulia zilivyoongezeka. Hapakuwa na njia ila kuzifungua zote. Kwa miezi mingi, katika karakana za Moshi Mpya, pale reli ya Tanga ilipokomea, watu walikaa kutoka asubuhi mpaka usiku wakifanya kazi moja: kung'oa risasi mdomoni mwa ganda, kumwaga baruti, kuisafisha, kubadilisha fataki pale ilipobidi kwa fataki za aina nyingine zilizopatikana nchini, kisha kujaza na kufunga tena. Ile ile kazi ya mpwa wangu kwenye gereji yake. Tofauti ni kwamba hawa walifanya kwa mamilioni, bila mizani za kisasa na bila miwani ya kukinga macho.

Majina yanayorudiwa vitabuni ni ya nahodha na ya kamanda. Waliokaa mezani hawatajwi. Mtu aliyewahi kushika fataki atanielewa nikisema kwamba hao nao walikuwa vitani. Fataki ni kidonge kidogo kinachopasuka kwa kugongwa, na ndiyo sababu kimewekwa pale. Kukitoa kitakoni mwa ganda lililoliwa na kutu ya kijani ni kazi ambayo sikuwahi kumpa mwanafunzi, wala nisingempa.

Kuna jambo lingine ambalo fundi huliona upesi. Ganda likishang'olewa risasi, mdomo wake huwa umelegea. Ukiirudisha risasi humo bila kuukaza mdomo vizuri, haikamatwi sawasawa. Ikisukumwa kidogo ndani wakati wa kupakia, nafasi ya baruti hupungua, na nguvu ya mlipuko hupanda kupita kipimo. Na ukiukaza tena na tena, shaba hukakamaa, mwisho ikapasuka kwa urefu, kuanzia mdomoni kushuka chini. Hayo ndiyo maradhi ya kwanza niliyoyaona katika picha za mpwa wangu, na ndiyo mepesi kuliko yote: ganda lililopasuka mdomo hutupwa, basi.

Nilipata kuyaona maarifa hayo hayo kwa mhunzi mmoja mzee wa Kibarabaig, upande wa Hanang, aliyekuwa akifua bangili kutokana na vitasa na mabomba ya zamani. Aligonga kwa dakika chache, akairudisha shaba motoni mpaka ikaanza kuwa nyekundu gizani, akaitumbukiza majini, akaendelea kugonga. Nikamwuliza, "Mzee, mbona unairudisha motoni wakati bado haijapoa?" Akajibu bila kuniangalia kwamba shaba ikipigwa sana hukasirika, na ikikasirika huvunjika, moto huituliza. Nilitumia saa 2 za darasa kila mwaka kueleza jambo hilo kwa michoro ya chembechembe za metali, na sidhani kama nililieleza vizuri zaidi. Viwandani ndivyo wanavyofanya pia: mdomo wa ganda hutulizwa kwa moto, kitako huachwa na hasira yake, maana kitako laini hakiwezi kustahimili mlipuko.

Turudi Moshi. Risasi zilizotengenezwa upya zilijaribiwa na kugawanywa. Kamanda mwenyewe ameandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyopanga. Zile nzuri, ambazo bahari haikuziharibu, ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Zile zilizofanyiwa kazi ambazo katika kila 100 zilikataa kama 20, zilipelekwa kwenye mapigano. Zenye kasoro zaidi ya hapo zilikuwa za mazoezi.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililipita haraka, kama mtu anavyopita takwimu. Safari hii nilichukua kalamu. Mauser mpya ya mwaka 1898 hubeba risasi 5. Ikiwa kila risasi ina nafasi 80 katika 100 ya kulia, basi uwezekano wa zote 5 kulia ni chini kidogo ya 33 katika 100. Maana yake, askari akijaza bunduki yake mara 3, mara 2 angekutana na walau risasi moja iliyokufa. Na hiyo ndiyo iliyoitwa nzuri ya kutosha kwa vita! Naelewa kwa nini bombomu lilipewa za kwanza: risasi moja ikikataa, mashine nzima husimama, na adui huwa ameshajua iko wapi. Kwa hesabu ya kamanda, mpango ule ulikuwa wa busara. Mimi najaribu kuuangalia kutoka upande wa pili, wa yule aliyelala kifudifudi nyuma ya mti, aliyevuta kifyatulio akasikia "tik" tu.

Sasa afanye nini? Hapa ndipo penye hatari ambayo takwimu haziisemi. Fataki iliyoliwa na chumvi mara nyingine haifi kabisa, huchelewa. Hugongwa, ikanyamaza, kisha ikawaka baada ya pumzi moja. Leo kila mwalimu wa kulenga huamuru mwanafunzi aendelee kuelekeza mtutu mbele na kusubiri, kwa usalama nusu dakika au zaidi. Nani atasubiri nusu dakika huku anapigwa? Askari hufungua bunduki mara moja atoe ile iliyokataa. Ikiwa ni ile iliyochelewa, nayo ikawaka wakati ganda limeshatoka nusu, hakuna tena kuta za chemba za kulishikilia. Shaba peke yake haizuii baruti. Ganda hupasuka, na vipande huruka kwenye mkono na uso wa mwenye bunduki.

Mpwa wangu alionja kidogo ya hayo. Katika picha ya mwisho palikuwa na ganda lililofunguka karibu na kitako, kama mdomo wa samaki. Ndiyo maradhi ya pili, na ndiyo yanayoua. Katika bastola nyingi chemba haizungushii ganda lote. Chini, pale risasi inapopandia, hubaki sehemu ndogo wazi. Ganda lililochoka, au lililojazwa baruti kupita kiasi, hutunga pale kama jipu, na siku moja jipu hupasuka. Tena ganda la bastola lina mtego wake: baruti kali inayotumika humo ni kidogo sana, hata mtu akisahau na kujaza mara mbili, bado haifuriki. Jicho halioni kosa. Alikuwa amevaa miwani, namshukuru Mungu. Kiganja kilikufa ganzi siku 2, na chombo cha kubebea risasi kililipuka kutoka chini ya bastola. Dada yangu hajaambiwa.

Maradhi ya tatu ndiyo yaliyomtatiza, yale ya maganda kupasuka yenyewe ndani ya ndoo. Haya yana historia ndefu. Wanajeshi wa Uingereza huko India waligundua kwamba maganda yaliyohifadhiwa wakati wa masika yalipasuka bila kuguswa, hasa yale yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi. Kwa kuwa yalipasuka kwa msimu, walidhani ni kazi ya majira. Mwaka 1921 ndipo wataalamu wa metali wa Uingereza walipochapisha maelezo kamili: mkojo wa farasi hutoa amonia, amonia ikikutana na unyevunyevu hushambulia shaba ya manjano, na pale ambapo shaba ina "hasira" iliyobaki tangu ilipofuliwa, ufa hufunguka. Dawa yake ilikuwa ile ile ya yule mhunzi, yaani kuyapasha maganda moto wa wastani baada ya kuyaunda, mpaka yatulie. Nikamwuliza mpwa wangu anayasafisha kwa nini. Akaniletea picha ya chupa ya dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba. Nikamwambia asome maandishi madogo ya nyuma. Palikuwa na amonia.

Vita vile vilipita hapa pia. Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi, karakana zikaachwa. Aprili, jeshi la wapanda farasi la van Deventer, wengi wao Makaburu kutoka Afrika Kusini, lilishuka kutoka Arusha kwa Lolkisale, likapita Ufiome katikati ya mwezi chini ya mlima huu wa Kwaraa ninaouona nikiandika, na tarehe 19 likaingia Kondoa. Masika yalikuwa makali, farasi walikufa kwa mamia kwa maradhi na ndorobo. Usiku wa tarehe 9 Mei Lettow-Vorbeck aliwashambulia Kondoa akashindwa kuwatoa. Mwendo wa saa 2 kwa basi kutoka kituo chetu cha Babati, na wengi wanaosafiri huko hawajui kwamba ile milima ililia usiku kucha. Machi ile ile meli ya pili, Marie, ilikuwa imeingia ghuba ya Sudi, kusini, na safari hii mzigo ulifika mkavu. Ukabebwa vichwani kuvuka nchi.

Shaba nayo ilikuwa na safari zake. Tabora, mwaka 1916, fedha za kulipia watu zilipokwisha, Wajerumani walifungua kiwanda cha kuchonga sarafu katika karakana ya reli. Walichonga dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, inayotafutwa sana na wakusanyaji wa leo, lakini sarafu iliyoingia mikononi mwa watu wa kawaida ilikuwa ya heller 20, ya shaba nyekundu au ya manjano, iliyotokana na vyuma chakavu na maganda ya mizinga. Mpagazi aliyebeba makombora mgongoni angeweza kulipwa kwa maganda yake. Tabora ilitwaliwa na Wabelgiji Septemba ya mwaka huo, na sarafu hizo zikabaki bila serikali. Nyingine, bila shaka, ziliishia kwa wahunzi.

Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake walikuwa na bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno, zote za kuteka, na risasi 208,000 zilizotekwa pamoja nazo. Hakuna aliyekuwa bado anabeba zile za Manza. Mpwa wangu ameyauza maganda yake yote kwa kilo, kama chuma chakavu, na ameanza kununua mapya. Anasema ni ghali. Nimemwambia anitumie matano yaliyopasuka, moja kwa kila aina na mawili ya ziada, niwaonyeshe vijana wa karakana ya jirani; akajibu kwamba posta hawapokei maganda ya risasi, hata yaliyokufa.